Bi Kadi na Saini ya Fundi Matairi

Nani alitia saini kwenye kadi ya mtoto wako?

Usikimbilie kujibu "mimi". Kumbuka vizuri siku ile ya kumpeleka kidato cha kwanza: foleni ndefu, godoro kichwani, ndoo mkononi, mwalimu anaita majina kama mtu anayegombana nayo. Katikati ya purukushani hiyo ulipewa kadi ngumu ya manjano. Ilitaka majina ya watu wawili wanaoruhusiwa kumtoa mtoto bwenini kabla ya kufunga shule, uhusiano wao na mtoto, na saini zao. Baba hakuwepo. Baba alikuwa kazini, au safarini, au amelala. Mama akaandika jina la baba mstari wa kwanza kwa heshima, akamtilia saini, kisha akashuka mstari wa pili akatia yake. Nani angejali? Karatasi ni karatasi.

Naandika haya kwa sababu nimeona damu ya mtu juu ya kadi ya namna hiyo.

Katika shule niliyopelekwa kufanya mazoezi ya ualimu, kadi hizo zilikaa langoni, ndani ya sanduku la bati, chini ya ulinzi wa mwanamke mmoja wa makamo ambaye shule nzima ilimwita Bi Kadi. Utaratibu wake ulikuwa mfupi. Mzazi akifika anaandika kwenye kitabu cha wageni jina, saa na sababu ya kuja. Anaonyesha hati ya ruhusa kutoka kwa mwalimu. Anatia saini kwenye hati hiyo mbele ya macho ya Bi Kadi, naye anatoa kadi sandukuni na kulinganisha. Zikifanana, mtoto anaitwa. Zisipofanana, mtoto habanduki darasani, hata kama wewe na yeye mmefanana pua na masikio.

Asiyeweza kuandika aliweka alama ya dole gumba. Na mtu akitaka kubadili kadi, kuongeza jina au kufuta, alifika mwenyewe siku yoyote kabla ya saa nne, akaweka saini au dole mbele ya mashahidi wawili wa shule. Basi. Utaratibu wote uliandikwa kwa mkono wa Bi Kadi kwenye karatasi iliyobandikwa mlangoni, na karibu hakuna mzazi aliyewahi kuisoma.

Miaka kumi na minane alikuwa amefanya kazi posta, dirisha la vifurushi. Huko ndiko alikojifunza saini. Alikuwa akisema kwamba mtu anaweza kuficha uso wake lakini mkono wake hauwezi kunyamaza. Dirisha lilipofungwa, mumewe akiwa amekwisha kufariki, akaomba kazi ya ulinzi shuleni. Walimcheka kwanza. Mwanamke mwenye goti bovu, miwani imefungwa kwa kamba ya kiatu, atamzuia nani?

Na mwanzoni, ni kweli, hakumzuia mtu. Mwaka wake wa pili pale langoni alikuja bwana mmoja aliyevaa vizuri, akajiita mjomba, akamtaka msichana wa kidato cha pili. Kadi hazikuwepo bado. Bi Kadi akafungua. Msichana alipopita alimwachia seti yake ya jiometri: "Nitunzie, bibi, narudi jioni." Siku ya nne walimkuta kwenye shimo la kokoto, amekatwa shingo. Yule seti bado yupo, alisema Bi Kadi aliponisimulia, kana kwamba seti ni mtu. Ilikuwepo dirishani kwake, kibati chake kimeshika kutu. Wiki ileile ya mazishi alikwenda ofisini kwa mkuu wa shule akakaa kwenye kiti, akasema hatanyanyuka mpaka utaratibu wa kadi ukubaliwe. Alikaa hadi jioni. Ukakubaliwa.

Nilipenda kukaa naye zamu yangu ya kuandika wachelewaji ilipofika. Kibanda chake kilikuwa kimejengwa ndani ya ukuta: mlango wa mbele wa barabarani, mlango wa nyuma wa chuma unaoingia shuleni, na kufuli kubwa. Meza, benchi, kalamu iliyofungwa kwa uzi, chupa ya chai. Siku moja alinimwagia kadi zote za kidato cha tatu mezani.

"Mwalimu mdogo, tazama mwenyewe. Nusu ya akina baba wa shule hii wana mwandiko wa wake zao."

Tukacheka. Kulikuwa na baba dereva wa lori mwenye saini laini kama barua ya mapenzi. Lakini iliyonishangaza zaidi ilikuwa ya fundi matairi, mtu mwenye gereji njia panda. Saini yake ilizunguka na kurudi ndani yake, kitanzi juu ya kitanzi, kama ua lililodariziwa kwenye mto.

"Mkewe ni mshonaji," Bi Kadi alisema. "Huyo si fundi huyo. Hiyo ni sindano."

Jumatatu iliyofuata mshonaji mwenyewe alisimama mlangoni. Mkono wake wa kulia ulikuwa ndani ya plasta, kutoka kwenye vidole hadi juu ya kiwiko, na jicho moja lilikuwa limeingia rangi ya zambarau. Hakuketi.

"Bi Kadi, mtu akitaka kumfuta mtu kwenye kadi, inakuwaje?"

"Inakuwa rahisi kuliko kufua shuka. Unamfuta nani, mwanangu?"

Kidogokidogo akatoa maneno. Mumewe alimvunja mkono kwa chuma cha kubandulia matairi wakati wa likizo, sebuleni, mbele ya binti yao. Kesi ilikuwa Alhamisi, saa nne. Jirani alisikia kelele tu. Aliyeona kwa macho alikuwa binti, na mwalimu wake wa darasa alikuwa amekubali kumpeleka mahakamani. Mume alikuwa amekwisha kusema wazi: atamtoa shuleni kabla ya siku hiyo na kumpeleka kwa ndugu zake mbali, na huko hakuna shule, kuna mume anayemngoja.

"Basi weka dole hapa sasa hivi," Bi Kadi alisema, akivuta kibati cha wino. "Mwalimu mdogo ni shahidi, nitaita wa pili."

Mshonaji alikitazama kile kibati. Pikipiki ilipita barabarani ikinguruma, naye akaruka kama aliyechomwa.

"Akijua nimemfuta ataniua, bibi."

"Na usipomfuta?"

Mwanamke alirudi kinyumenyume hadi barabarani, akaondoka. Nilikasirika. Nilisema kwa sauti kwamba watu wengine wanajitakia. Bi Kadi alinikata jicho ambalo sijalisahau.

"Wewe umeshapigwa mara ngapi mpaka unafundisha watu kupigwa?"

Jumatano, saa tano asubuhi, tukiwa wawili kibandani, fundi akaja. Mtu mpana, mikono imeingia grisi hadi kwenye mistari ya viganja, ovaroli ya bluu. Katika mfuko mrefu wa pajani kilichungulia chuma cha kazi yake.

"Habari za kazi, bibi."

"Nzuri, baba. Kitabu hicho, kalamu hiyo."

"Sikuja kuandika. Nimekuja kumchukua binti yangu."

"Wote wanakuja kuchukua binti zao. Andika."

Akaandika jina. Kwenye sababu akaweka: msiba.

"Pole sana. Msiba wa nani?"

"Wa ukoo."

"Ukoo mzima umekufa?"

Fundi hakucheka. Akatupa mezani hati ya ruhusa, imekamilika, imepigwa muhuri. Haikutoka kwa mwalimu wa darasa. Ilitoka kwa makamu wa mkuu wa shule, ambaye gari lake kila mtu alijua linapata matairi wapi. Bi Kadi aliisoma mara mbili. Muhuri ulikuwa wa kweli. Akamsukumia fundi.

"Tia saini hapo chini."

Fundi alitia. Mistari miwili iliyokatizana, kama misumari. Bi Kadi alifungua sanduku, akatoa kadi, akavaa miwani, akatazama kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Haifanani."

"Nini haifanani?"

"Saini yako na ya baba."

"Baba ni mimi!"

"Yawezekana. Lakini baba wa kwenye kadi anaandika vizuri kuliko wewe."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka. Fundi alininyooshea kidole bila kunitazama, kisha akanyakua kalamu akatia tena, na tena, mara ya tatu karatasi ikachanika. Alijaribu kuichungulia kadi. Bi Kadi akaigeuza kifudifudi.

"Hatuigizi hapa, baba. Nenda nyumbani utulie."

Ndipo alipoelewa. Niliona kabisa wazo likimfikia, likimpanda shingoni.

"Ni yeye. Yule mwanamke ndiye aliyetia."

Bi Kadi alirudisha kadi sandukuni, akafunga kifuniko, akaketi juu yake. Kisha akafanya jambo ambalo sikulielewa: akachomoa ufunguo wa kufuli shingoni mwake, akafungua chupa ya chai, akautumbukiza ndani, akafunga.

"Ufunguo," alisema fundi.

"Unaoga."

Chuma kilimpata kwenye paji la uso. Nilitarajia ukelele, nikasikia sauti ndogo tu, kama ya mtu anayepigilia kigingi kwenye udongo mbichi. Miwani iliruka na kamba yake. Nilimrukia fundi mkono, naye akanizungusha kama tambara. Kiwiko chake kikanigonga chini ya mbavu na nikajikuta chini ya benchi, pumzi imekata, mdomo uko wazi kama samaki. Ningependa kuwaambia kwamba nilisimama. Sikusimama. Nilipiga kelele tu.

Pigo la pili lilimkuta bega, la tatu mkono aliouinua kujikinga. Damu ilimshuka usoni ikaingia machoni, akawa anapepesa kama mtu anayetazama jua. Hakunyanyuka juu ya lile sanduku. Fundi alimshika nywele akamgongesha ukutani, na dirishani seti ya jiometri ikaanguka, ikafunguka, bikari na rula zikatawanyika sakafuni.

"Toa ufunguo nisikumalize!"

"Saini," alisema Bi Kadi. Jino lilitoka pamoja na neno. "Haifanani."

Kelele zangu zilikuwa zimefika kidato cha nne. Wavulana walikuja juu ya ukuta, kwa kuwa mlango ulikuwa umefungwa, na walikuja na miguu ya madawati. Walimvuta fundi barabarani kwa ovaroli yake. Nitasema kweli: kwa muda nilifurahi. Nilitambaa hadi mlangoni nikawatazama wakimpiga na nikahesabu mapigo kwa raha, mimi niliyeandika chuoni insha ndefu dhidi ya fimbo. Walimpiga mgongoni, magotini, mdomoni. Mmoja, kiranja wa bweni, kijana mpole anayeimba kwaya, aliinua jiwe la ukubwa wa kichwa cha mtoto kwa mikono miwili.

"Nani amewapa ruhusa ya kutoka?"

Bi Kadi alikuwa amesimama mlangoni, ameshikilia kizingiti, uso wote mwekundu. Sauti yake ilikuwa ileile ya kila siku. Kiranja aliganda, jiwe likiwa juu.

"Nauliza hati ziko wapi. Nyote hamna? Na wewe, mwimbaji, hilo jiwe umeliandika kwenye kitabu gani?"

Kijana aliliweka jiwe chini polepole, kama yai. Akaanza kulia.

Makamu akafika wakati huo kwa gari lake, na fimbo. Hakumtazama Bi Kadi wala mtu aliyelala barabarani. Alianza kuwachapa wavulana migongoni, kulia na kushoto, akiwaita wahuni. Ninaomba mnielewe wazazi. Shule inayomfundisha mtoto kwa fimbo kwamba mwenye nguvu ndiye mwenye haki isije ikashangaa siku mwenye nguvu anapobisha hodi langoni. Lakini hilo nilitakiwa kulisema pale, mbele ya makamu, na pale sikulisema.

Polisi walimchukua fundi pamoja na chuma chake. Saa kumi alasiri alikuwa nje. Makamu mwenyewe alikwenda kuzungumza kwa niaba yake: hasira za baba, mambo ya kifamilia, tutayamaliza. Kisha akaja kwenye chumba cha huduma ya kwanza ambako muuguzi wa shule alikuwa akimalizia nyuzi kumi na moja kwenye paji la Bi Kadi.

"Mama, mtoto ni wa kwake. Utauawa kwa ajili ya mwandiko?"

"Utaratibu, mwalimu."

"Haya, kwa utaratibu wako. Nimeongea naye. Kesho asubuhi atakuja na mkewe, na mkewe yupo kwenye kadi, mstari wa pili, saini yake mwenyewe. Akitia, utamtoa binti. Ndiyo au siyo?"

Muuguzi alishusha sindano. Nilijua Bi Kadi ameshindwa. Saa chache tu kabla ya kesi, na kadi yake mwenyewe ndiyo itakayomtoa binti. Bi Kadi alifikiri huku ulimi ukitafuta jino ambalo halikuwepo.

"Ikifanana," alisema, "atatoka."

Makamu aliondoka ameridhika. Nikamgeukia kwa hasira: kwa nini umekubali? Alijilaza, akafumba jicho lililobaki wazi.

"Mwalimu mdogo, wewe una diploma. Fikiri."

Sikufikiri vya kutosha.

Asubuhi yake nilikuwa kibandani saa moja. Bi Kadi alikuwa amenitangulia, kichwa kimefungwa bendeji, mkono mmoja kwenye kitambaa shingoni. Sakafu ilikuwa imeoshwa. Seti ya jiometri ilikuwa imerudi dirishani, kila kitu mahali pake, na ufunguo umerudi ndani ya chupa ya chai. Binti alikuwa ameitwa kwa amri ya makamu. Alisimama nyuma ya mlango wa chuma na sanduku lake la nguo, na kupitia nafasi ya bawaba niliona viatu vyake tu, vimesogeleana.

Saa moja na nusu wakaja. Fundi alikuwa na jicho lililofura na alitembea ameshika kiuno. Alimsukuma mkewe mbele.

"Huyo hapo mwenye saini. Haya, tia, twende."

Bi Kadi aliweka hati mezani. Akaweka kalamu juu yake. Akatoa kadi, akailaza. Alifanya yote kwa mkono mmoja, bila haraka.

"Tia saini, mwanangu. Kama ulivyotia siku ile."

Mshonaji aliitazama kalamu. Kisha akainua mkono wake wa kulia, ule wa plasta, akauweka mezani kama mtu anayeweka mzigo. Vidole vilivyochungulia vilikuwa vimevimba, haviwezi kushika hata uzi.

Hapo ndipo nilipoelewa, na nadhani fundi naye. Mkono pekee uliokuwa na uwezo wa kumtoa binti yule pale shuleni, kwa jina la baba au la mama, ndio alioupondaponda mwenyewe sebuleni.

"Tumia wa kushoto!" akapiga kelele. Akamshika mkono wa kushoto, akamkunja vidole kwenye kalamu, akausukuma juu ya karatasi. Ukatoka mstari uliopinda ukaishia pembeni.

"Haifanani," alisema Bi Kadi.

Fundi aliinua ngumi. Sijui alitaka kumpiga yupi kati yao wawili. Haikufika. Mshonaji alizunguka kutoka kiunoni, bila neno, na plasta nzima ikampata mumewe mdomoni kwa kishindo cha tofali. Ikapasuka. Yeye mwenyewe alitoa ukelele wa maumivu ambao bado nausikia. Fundi alijikwaa kwenye benchi, akaanguka chali akigonga kisogo sakafuni, akabaki ametema damu kidevuni, macho yakizunguka dari. Safari hii nilifika: nilimkalia kifuani na magoti yangu mawili.

Mshonaji alipumua kwa nguvu, unga mweupe ukimdondoka mkononi. Bi Kadi alisogeza kitabu cha wageni.

"Sababu ya kuja?"

"Kubadili kadi."

"Saa moja na dakika arobaini na mbili," Bi Kadi alisema akiandika. Akafungua kibati cha wino. Mshonaji akakandamiza dole gumba la kushoto, kisha akalihamishia kwenye kadi mpya, akalishindilia hapo muda mrefu. "Shahidi wa kwanza ni mwalimu mdogo, akimaliza kukaa."

Akamimina chai yote kikombeni hadi ufunguo ukagonga chini. Akaupangusa kwa sketi yake, akafungua kufuli, na binti akaingia akimkumbatia mama yake upande usio na plasta.

"Shahidi wa pili?" nikauliza.

"Kamwite makamu," Bi Kadi alisema. "Mwambie aje na kalamu. Fimbo aiache ofisini."